Albamu Niliyoiomba

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2024 nilikaa macho, simu ikiwa kwenye chaja na sauti nimeishusha ili nisimwamshe mwenzangu wa chumbani. Los Angeles ilikuwa bado tarehe 5, mchana. Linkin Park, bendi ambayo kwa miaka saba nilikuwa nimeizoea kama marehemu, ilikuwa imetangaza kwamba itatokea mubashara mtandaoni. Saa saba usiku kwa saa zetu wakapanda jukwaani. Mike Shinoda akaanza ubeti wa kwanza wa wimbo mpya, na kwa muda wa ubeti huo mmoja nikadhani wameamua kuendelea hivyo, yeye peke yake na maiki yake. Kisha akatokea mwanamke nisiyemjua, akaingia kwenye ubeti wa pili, na muda si mrefu akaitoa ile sauti ya kukwaruza koo ambayo sikutegemea kuisikia tena kwenye bendi hii.

Nilifurahi. Sekunde hiyohiyo nilijisikia kama mtu aliyeingia sebuleni kwao akakuta mgeni amekaa kwenye kiti cha marehemu, na wenyeji wote wanamwongezea chai. Matanga yameanuliwa bila mimi kuulizwa.

Najua, nani alisema nitaulizwa? Mimi si ndugu wa mtu yeyote pale. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia, Dar es Salaam, niliyerithi bendi ya Wamarekani kutoka kwa kaka yangu. Lakini mashabiki wa Linkin Park tuna historia ndefu ya kudai kuulizwa. Ndiyo historia ninayotaka kuieleza hapa, pamoja na sehemu yangu ndani yake, ambayo si nzuri.

Urithi wenyewe ulikuwa CD moja, imeandikwa LP kwa maka pen nyekundu. Ilikuwa 2009, nina miaka 11, na kaka yangu alikuwa amezishusha nyimbo zile mojamoja kwenye intaneti kafe, kwa fedha ambazo nyumbani walidhani zinaenda kwenye fotokopi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano. Sikuelewa hata theluthi ya maneno, ila mpango wa zile nyimbo niliuelewa mara moja, kwa sababu kulikuwa na sauti mbili. Shinoda alighani kwa utulivu, kama mtu anayejieleza mbele ya mwalimu wa zamu. Halafu Chester Bennington anaanza kwa upole, karibu kunong'ona, mpaka panapofika mahali hawezi tena, anapasuka. Kaka alikuwa na maelezo yake: "Huyu anaeleza. Huyu ndiye inayemuuma." Nimesoma uchambuzi mwingi wa muziki huu tangu wakati ule na sijakutana na uliofupisha mambo kuliko huo.

CD ile ilikuwa na nyimbo za albamu mbili tu, Hybrid Theory ya mwaka 2000 na Meteora ya 2003. Ya tatu, Minutes to Midnight, ilikuwa imeshatoka miaka miwili nyuma. Nilipouliza mbona haimo, kaka alisema ile siyo Linkin Park. Kwa hiyo nilirithi bendi pamoja na kinyongo chake, kama mtu anayerithi shamba lenye kesi.

Bendi ilianza mwaka 1996 huko Agoura Hills, California, ikiitwa Xero. Mwimbaji wake wa kwanza hakuwa Chester. Alikuwa Mark Wakefield, na hili nitalirudia, kwa sababu sisi mashabiki huzungumza kana kwamba Chester alizaliwa ndani ya bendi. Chester alikuwa kijana wa Phoenix, Arizona, aliyekuwa ameimba na bendi ya Grey Daze na karibu aachane na muziki. Mwaka 1999 alitumiwa kanda ya Xero, akarekodi sauti yake juu ya nyimbo zile siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza miaka 23. Wakamchukua. Wakabadili jina kuwa Hybrid Theory, kisha Linkin Park, kutokana na bustani ya Lincoln Park ya Santa Monica. Tahajia waliiharibu kwa makusudi ili wapate anwani ya mtandao wanayoweza kuimudu. Kampuni za rekodi ziliwakataa mara nyingi, na hata walipopata mkataba kulikuwa na shinikizo Shinoda aache kughani, Chester aachiwe bendi. Chester alikataa. Mgeni, aliyeingia juzi, alisimama upande wa mwenyeji.

Hybrid Theory ilitoka tarehe 24 Oktoba 2000. Ina dakika kama 37 na haina tusi hata moja, jambo ambalo watu wa kizazi changu tulilitumia vizuri sana mbele ya wazazi waliosikia kelele tu. Mwaka 2001 ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani. Meteora ikafuata na mpango uleule: gitaa zito la Brad Delson, Joe Hahn akikwaruza sahani, ubeti wa kughani, kiitikio cha kupasuka, dakika tatu, basi. Ni albamu nzuri, lakini ukiisikiliza leo unasikia pia vijana waliokwisha kujua kinachouzika.

Wangeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni. Badala yake walimwita mtayarishaji Rick Rubin na kuanza kuvunja. Minutes to Midnight ya 2007 ilipunguza kughani na kuongeza nyimbo za taratibu. A Thousand Suns ya 2010 ilienda mbali zaidi: jina lake linatokana na maneno ya Bhagavad Gita yanayohusishwa na Oppenheimer, na ndani yake zimo sauti za Oppenheimer mwenyewe, Martin Luther King na Mario Savio, yule kiongozi wa wanafunzi wa Berkeley. Gitaa limefichwa nyuma ya vinanda na mashine. Kaka aliisikiliza mara moja akaniambia nimpe flashi yake, anataka nafasi. Mimi niliificha nakala, nikawa naisikiliza usiku. Nilikuwa na miaka 12 na nilikuwa namsaliti kaka yangu kwa albamu inayozungumzia bomu la nyuklia.

Hata hivyo hadharani nilibaki na msimamo wa nyumbani. Kila albamu mpya ilipotoka, mimi na rafiki zangu wa sekondari tulikuwa na swali moja: lini watarudi? Living Things, 2012: imekaribia lakini bado. The Hunting Party, 2014, ilikuwa na gitaa la kutosha kubomoa ukuta, na wageni kama Tom Morello na Daron Malakian, na sisi tukasema hiyo ni metali ya kawaida, hakuna zile sauti mbili. Nikitazama nyuma naona bendi ilikuwa inafanya jambo ambalo ni nadra: kwa miaka kumi ilipewa oda na wateja wake, na kila mara ikaleta kitu kingine. Wakati ule niliita hali hiyo kiburi.

Kisha ukaja 2017. Februari walitoa wimbo Heavy, laini kabisa, pamoja na mwimbaji Kiiara, na Mei ikafuata albamu One More Light. Pop tupu. Mashabiki walikasirika kuliko walivyowahi kukasirika. Chester alijibu kwenye mahojiano kwa hasira inayofanana nao, akiwakatalia kabisa wale waliosema wanafuata fedha. Juni, kwenye tamasha la Hellfest nchini Ufaransa, baadhi ya watazamaji waliwazomea.

Mimi sikuwa Ufaransa. Nilikuwa na miaka 19, nasubiri kuanza chuo, na nilikuwa na kundi la WhatsApp la watu tisa. Tarehe 21 Mei, saa tatu na dakika kumi usiku, niliandika humo kwamba Chester amegeuka mwimbaji wa duka la nguo, kwamba analia kama mtu aliyekosa vocha, na kwamba ni bora wangevunja bendi kuliko kuendelea kujiaibisha. Watu wanne waliweka vicheko. Najua saa na dakika kwa sababu ujumbe bado ninao. Tumefundishwa kuutafuta ushahidi wa wakati ule ule, ulioandikwa kabla mwandishi hajajua kitakachofuata, na huu ndio ushahidi bora zaidi nilionao wa jinsi nilivyokuwa.

Tarehe 20 Julai Chester alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 41. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya rafiki yake Chris Cornell, mwimbaji wa Soundgarden, aliyekuwa amejitoa uhai Mei. Wimbo uliobeba jina la albamu ile, ulioandikwa kwa ajili ya rafiki yao wa kampuni ya rekodi aliyefariki kwa saratani, Chester alikuwa ameuimba kwenye televisheni ya Marekani siku aliyokufa Cornell, kwa ajili yake. Ukiutazama utaona sauti inavyomwishia njiani. Nilikuwa sijautazama nilipoandika ujumbe wangu. Nilikuwa nimesikia nyimbo tatu za ile albamu, tena nusunusu.

Sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Chester hakusoma ujumbe wa Kiswahili kwenye kundi la watu tisa, na mtu aliyepambana hadharani na mfadhaiko na ulevi kwa miaka mingi hakufa kwa sababu ya mashabiki. Kinachonisumbua ni kidogo kuliko hapo na hakiondoki. Albamu niliyoikejeli kwa kuwa laini ilikuwa ya mtu anayesema wazi, bila kupasuka, kwamba amechoka. Nilikuwa nimemsikiliza akipasuka kwa miaka minane nikaita muziki, na alipoongea kwa sauti ya kawaida nikaita aibu.

Oktoba ile wenzake walifanya onyesho la kumbukumbu Hollywood Bowl. Mwaka uliofuata Shinoda akatoa albamu yake ya maombolezo, Post Traumatic. Baada ya hapo kimya. Mwaka 2023, Meteora ilipotimiza miaka 20, walitoa kwenye sanduku la kumbukumbu wimbo uitwao Lost, uliorekodiwa wakati wa albamu ile ukaachwa. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi nilipousikia mara ya kwanza. Chester wa miaka ya ishirini, koo zima, anaanza kwa upole na kupasuka panapostahili. Wimbo mpya nilioupenda kuliko yote ya bendi hii tangu utotoni ulikuwa na miaka 20 na mwimbaji wake alikuwa marehemu. Mtu anayesomea historia anapaswa kuliona tatizo la sentensi hiyo.

Baba yangu hajui wimbo hata mmoja wa Linkin Park, lakini nilipomweleza habari ya Septemba 2024 hakuelewa tatizo liko wapi. Yeye ni mtu wa Msondo. Kwake bendi ni bendi, waimbaji wanapita. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kikabadili jina na bendi ikabadili: Juwata, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo aliondoka 1978 kwenda kuanza na Mlimani Park, na Juwata haikufa; baadaye akarudi, na Mlimani Park nayo haikufa. Bitchuka amevuka daraja hilo mara ngapi. "Sasa ninyi mwimbaji mmoja tu anafariki, mnafunga bendi miaka saba?"

Ni hoja nzuri na sikuikubali yote. Mwanamuziki wa Juwata alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya chama, jina lilikuwa la chama, na shabiki alilijua hilo alipolipa kiingilio. Bendi ya rock hujiuza kama urafiki wa watu fulani, na ndiyo maana akiondoka mmoja tunaona kama ndoa imevunjika. Zaidi ya hapo, baba mwenyewe ukimpigia wimbo wa TX Moshi William, aliyefariki 2006, huacha kuongea mpaka uishe. Sikumkumbusha.

Rock nayo ina mifano yake. Bon Scott wa AC/DC alifariki Februari 1980. Julai mwaka huohuo Back in Black ilikuwa madukani, Brian Johnson akiimba, na ikawa albamu yao kubwa kuliko zote. Queen walimpoteza Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar, mwaka 1991. Walijaribu albamu mpya na Paul Rodgers mwaka 2008, haikushika, na kwa Adam Lambert wamebaki kupiga zaidi zile za zamani. Ukizitazama mbili hizi, inaonekana mwimbaji mpya hupokewa anapokuja na nyimbo zake. Sherehe ya miaka hamsini anaweza kuimba yeyote mwenye koo.

Hapo ndipo ninapomrudia Emily Armstrong, maana ndiye yule mwanamke. Anatoka bendi ya Dead Sara ya Los Angeles. Mapokezi yake yalikuwa makali, na si yote ya kipuuzi. Mmoja wa watoto wa Chester alilalamika hadharani. Ikaibuka pia kwamba Armstrong aliwahi kwenda mahakamani mwanzoni mwa kesi ya mwigizaji Danny Masterson, ambaye baadaye alipatikana na hatia ya ubakaji. Akatoa taarifa kwamba alimwona rafiki, kwamba alitambua mapema kuwa hakupaswa kwenda, na kwamba hawajazungumza tena. Kila mtu ataipima taarifa hiyo kwa mizani yake. Mimi ilinichukua wiki kadhaa. Mabadiliko mengine hayakuzungumzwa sana: mpiga drams Rob Bourdon hakurudi, nafasi yake ikachukuliwa na Colin Brittain, na Delson yumo studio lakini haendi ziarani. Mashabiki tuliobishana miezi mizima juu ya koo moja hatukuandika hata mistari miwili kuhusu Bourdon, aliyepiga kila albamu tuliyoipenda.

Albamu, From Zero, ilitoka tarehe 15 Novemba 2024. Jina linarudi kwenye Xero. Nyimbo 11, dakika 32 hivi. Na hapa ndipo shida yangu ilipo, kwa sababu ndiyo ile albamu niliyoiomba. Gitaa limerudi mbele. Hahn anakwaruza sahani. Shinoda anaeleza, mwingine inamuuma. Kwenye Heavy Is the Crown Armstrong anapiga yowe moja refu ambalo huwezi kulisikia bila kukumbuka lile la sekunde 17 la Chester kwenye Given Up. Two Faced ungeuchomeka katikati ya Meteora na kaka yangu asingeshtuka. Baada ya miaka 17 ya kukataa oda yetu, wameileta, moto, kwa wakati.

Nimeisikiliza mara nyingi, na siichoki. Armstrong ni mwimbaji mzuri. Haigizi, sauti yake ina mchanga ambao ya Chester haikuwa nao, na anapoimba chini kuna utulivu wa mtu anayejua atakachofanya. Shinoda anasikika kama mtu aliyepata usingizi. Lakini kila nyimbo hizi zinaponishika, najiuliza kwa nini zimekuja sasa. Bendi iliyokuwa na Chester ilijiamini kiasi cha kutuudhi. Hii mpya inahitaji kupokewa, na imejua tunachopenda. Nasikia ustadi, nasikia furaha, na chini yake nasikia hesabu, kama ile ya Meteora. Au labda hesabu ni yangu, nimezoea kudai, na sasa nikilipwa nahisi nimedhulumu mtu.

Kaka yangu ana miaka 35, watoto wawili na duka la vifaa vya umeme Morogoro. Nilimtumia albamu nzima. Alijibu baada ya siku tatu: "Hawa ndio wenyewe." Nikamwuliza kuhusu Armstrong. "Fresh tu." Nikamwuliza haoni tofauti na Chester. Akaandika kwamba anaiona, halafu akaniuliza bei ya nyaya Kariakoo.

Mei 31, 2025, nilikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kuangalia fainali ya Ligi ya Mabingwa, PSG na Inter, kule Munich. Karibu na saa nne usiku, kabla mpira haujaanza, Linkin Park wakatokea uwanjani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale kwamba ninawajua. Watu waliendelea kubishana juu ya kikosi cha Inter, muuza karanga akapita mbele ya skrini, mtu akamfokea. Kijana aliyekaa benchi la mbele, kidato cha pili au cha tatu kwa kumkadiria, alikuwa ameacha kula. Anamwangalia Armstrong. Mwenzake akamwambia zamani alikuwa anaimba mwanaume, alishakufa. Kijana akauliza, "Kwa hiyo huyu ndiye anaimba siku hizi?" bila kugeuka.

Nilikuwa na majibu ya kama saa nzima. Nikasema, "Ndiyo, ndiye yeye," na akatoa simu akaanza kurekodi skrini, nami nikainama kidogo pembeni ili kichwa changu kisimzibe.